Mlinzi Wetu Asiwe Mdai Wetu

Ukitoka Tabora mjini asubuhi kushika barabara ya Nzega, haupiti muda gari linalokuja mbele yako linakuwashia taa mara mbili. Kila dereva anajua maana yake: trafiki wapo mbele, punguza mwendo, funga mkanda, angalia leseni iko mfuko gani. Bodaboda nao wana ishara yao ya mkono, na waliobaki vijiweni wana simu. Trafiki wakishuka kwenye gari mahali, muda si mrefu Isevya, Kanyenye na Ng'ambo wana habari, na kijana ambaye bima yake imekwisha ameshakata vichochoroni.

Mtandao huo haulipwi mshahara, haulali, na unafika mitaa ambayo gari la polisi halifiki. Waliomo ndani yake ndio wanaojua nani amehamia chumba cha kupanga wiki iliyopita na hana kazi inayoeleweka, nani anauza paneli za sola kwa bei ya kutupa, na abiria yupi wa saa saba usiku alikataa kutaja anakoshukia. Mpelelezi yeyote mwenye akili angeutaka. Lakini kazi yake kubwa hapa kwetu ni kumkwepa polisi. Habari za mwizi zinazungumzwa kijiweni, zinachambuliwa, mwizi anatajwa hata kwa jina la mama yake, halafu zinaishia hapo hapo.

Viongozi wanapokuja mikutanoni hulalamika mambo mawili. La kwanza, wananchi hawatoi ushirikiano kwa polisi. La pili, wananchi hawapendi kulipa kodi, na hasa hawa wa vyombo vya moto. Husemwa kama makosa mawili ya watu wabishi. Mimi naona ni jambo moja, na linaeleweka ukiangalia nani amekuwa akikutana na nani barabarani katika mkoa huu kwa miaka yote hii, na alikuwa anataka nini.

Wazee wetu hawahitaji kukumbushwa kodi ya kichwa. Jina lake la kiofisi lilikuwa kodi ya maendeleo. Ilirudi miaka ya 1980 serikali za mitaa ziliporejeshwa, ikafutwa 2003 pamoja na utitiri wa ushuru mdogo mdogo uliokuwa umegeuka kero. Aliyeikusanya vijijini mara nyingi alikuwa mgambo aliyeweka kizuizi njiani siku ya gulio na kudai stakabadhi. Usipokuwa nayo unaacha kitu. Kwa mtu wa Sikonge au Urambo kitu hicho kilikuwa baiskeli, na baiskeli ndiyo iliyobeba mkaa, ndiyo iliyobeba mahindi kwenda mashineni, ndiyo iliyompakia mama mjamzito kwenda zahanati. Wanaume wazima walilala porini msimu wa msako. Watoto wao walioona baba anakimbia mtu mwenye rungu la serikali ndio wazazi wa vijana wa bodaboda wa leo.

Sasa tazama kilichotokea katika vijiji hivyo hivyo, miaka hiyo hiyo. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979, silaha zimezagaa, wizi wa ng'ombe umezidi, majambazi wanaingia vijijini usiku. Kati ya 1981 na 1982 wanavijiji wa upande wa Kahama na wa huku kwetu Nzega na Igunga waliamua kujilinda wenyewe. Wakachagua ntemi, yaani mkuu, wa sungusungu, jeshi lao la jadi, pamoja na katibu na makamanda. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, kila mwanamume anatoka na upinde, na kijiji cha jirani kinaupokea na kuupeleka mbele, hata mwizi akajikuta anakimbilia mikononi mwa watu asiowajua. Ng'ombe alifuatwa kwa nyayo mpaka apatikane. Kila kaya ilitoa mtu au mchango. Asiyetoa alitozwa faini, na aliyekaidi alitengwa, hakuna wa kumpa moto wala wa kumsaidia kuzika.

Na watu walitoa. Kaya iliyomficha baba asikamatwe kwa kodi ya kichwa ndiyo iliyotoa debe la mahindi kwa ajili ya sungusungu. Hapo ndipo ninaposimama ninapowasikia watu wakisema Mnyamwezi au Msukuma hapendi kuchangia ulinzi. Alichangia, tena kwa miaka, kwa sababu jioni alimwona aliyemlipa akipita na tochi nyuma ya zizi lake.

Sitaki mtu adhani ninatamani siku zile zirudi kama zilivyokuwa. Sungusungu waliwapiga watu mpaka wakafa. Waliamua kesi usiku, mshtakiwa amefungwa kamba, bila shahidi wa upande wake. Bibi vizee ambao macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni walitajwa kuwa wachawi, na baadhi yao hawakuamka. Hayo yalikuwa mauaji, na hayana jina jingine. Serikali ililiunga mkono jeshi hilo la jadi, kisha 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili kulipa nafasi ndani ya sheria, lakini tabia ya kumaliza mambo wenyewe haikufa kwa kuandikwa sheria. Hadi leo tunasoma habari za watu waliouawa na wananchi wenye hasira kali, na ukichunguza unakuta mara nyingi ni watu waliokwishachoka kupeleka mwizi kituoni na kukutana naye sokoni siku ya tatu.

Kwa hiyo anayeshangaa kwa nini watu hawaendi polisi aangalie safari yenyewe ya kwenda polisi. Mtu amevunjiwa duka Cheyo usiku. Asubuhi anakwenda kituoni, anaandikisha, anapewa RB, karatasi ya kumbukumbu ya taarifa yake. Kama kuna aliyejeruhiwa anapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Vyote hivyo havina malipo, kama dhamana ya polisi isivyo na malipo, na bango linasema hivyo ukutani. Kisha inakuja sehemu ambayo haina bango: kumfuata mtuhumiwa. Gari halina mafuta. Ni malalamiko utakayoyasikia Tabora, Kaliua, na mikoa mingine pia, kwamba mwenye shida ndiye anayeombwa aweke lita kadhaa, au akodi pikipiki mbili, moja ya askari na moja ya mtuhumiwa. Mwenye duka analipa. Mkulima wa tumbaku aliyeibiwa mbolea, ambaye hajalipwa na chama chake, anakunja ile karatasi ya RB na kurudi nyumbani.

Neno mafuta hapo lingepaswa kumuuma kila mtu anayepanga bajeti ya nchi hii, kwa sababu mwananchi huyo mafuta ameshayalipia.

Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya magari, ile iliyokuwa ikilipwa kulingana na ukubwa wa injini na kuthibitishwa kwa stika ya kioo cha mbele. Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Dk. Philip Mpango. Mahali pake ukaongezwa ushuru wa bidhaa wa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na 2023 ikaongezwa mia nyingine kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Sizihesabu tozo zilizokuwapo kabla. Kwa nyongeza hizo tatu peke yake ni shilingi 240 kwa lita.

Mchukue kijana wa bodaboda anayechoma lita tatu kwa siku, akifanya kazi siku 300 kwa mwaka. Ametoa shilingi 216,000. Hakuna aliyemsimamisha, hakuna aliyemfokea, wala hakuangaliwa usoni. Hata mwenyewe hajui kama ametoa, na kesho akisimama trafiki mbele yake ataambiwa kwamba vijana wa bodaboda hawachangii pato la taifa. Na kwa sababu bei ya mafuta inayotangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inabeba gharama ya kuyasafirisha kutoka bandarini, lita ya Tabora ni ghali kuliko ya Dar es Salaam, na ya Kigoma ni ghali zaidi, ilhali kipato cha kijana wa huku ni kidogo. Hapo pana uonevu. Pana uonevu pia kwa mama wa Uyui anayepeleka mahindi kwenye mashine ya dizeli, na kwa aliyekuwa anawasha koroboi, ambao hawana gari na wamelipishwa kodi ya gari.

Pamoja na hayo yote naiunga mkono hatua ya 2017, na sababu yangu haiko kwenye hesabu za Hazina. Iliondoa sababu moja ya kusimamishana barabarani. Stika iliyopitwa na wakati ilikuwa mlango wa mazungumzo marefu kati ya dereva na askari, na mazungumzo hayo hayakuishia kwenye risiti kila mara. Siku stika ilipofutwa, mlango mmoja ulifungwa. Imebaki mingine.

Mmoja ni faini. Mwaka 2021 Bungeni, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alipendekeza faini ya pikipiki na bajaji ishuke kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, na ikawa hivyo, huku ya magari ikibaki pale pale. Hoja ilikuwa ya haki: huwezi kumtoza mwenye pikipiki sawa na mwenye lori. Lakini hata 10,000 kwa kijana ambaye jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri, mwenye pikipiki, ni siku nzima imekwenda. Anaposhikwa, kichwani mwake kuna hesabu mbili: elfu kumi kwa namba ya malipo ya serikali, au elfu mbili tatu ya maji iishe hapo hapo. Askari naye anazijua hesabu hizo. Madereva wengi wanaamini trafiki wanapangiwa idadi ya makosa ya kuandika kwa siku. Iwe kweli au si kweli, ukweli kwamba wanaamini hivyo unatosha kuharibu kila kitu kingine, kwa sababu mtu akiamini kwamba wewe unamwinda, hatakuonyesha mwizi alipojificha.

Yapo makosa ambayo lazima yakamatwe barabarani, na hapo simtetei mtu. Kijana anayepakia mshikaki wanafunzi wanne, anayeendesha amelewa, anayepita taa nyekundu, asiyevaa kofia ngumu na hana ya abiria, asimamishwe na alipe. Tumezika wengi mno. Trafiki anayesimama juani saa sita mchana kwenye kivuko cha watoto wa shule anafanya kazi ninayoiheshimu kwa moyo wote, na kuna siku asingekuwepo tungelia.

Ila angalia makosa mengine yanayowasimamisha vijana hawa. Bima imekwisha. Kadi haipo. Leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, haijalipiwa. Vitu hivyo kwa kawaida ni vya mwenye pikipiki, na mwenye pikipiki yuko dukani kwake au ofisini, hajasimamishwa na mtu. Anayepoteza siku ni anayeendesha. Pikipiki ikipelekwa kituoni, tajiri anamdai hesabu vilevile, na ikikaa wiki mbili pale uani ikipigwa jua na kunyonywa betri, mkataba unavunjika. Kangi Lugola alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani alikemea wazi urundikaji wa pikipiki vituoni kwa makosa madogo. Waziri huondoka. Ua wa kituo unabaki.

Na hakuna ulazima wa kumsimamisha mtu kwa ajili ya hayo. Stika za bima zilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa TIRA, mamlaka ya bima, tangu 2021. Namba ya chombo ikiingizwa, bima inaonekana kama ipo au haipo. Deni la faini nalo linaangaliwa kwa namba hiyo hiyo kwenye mfumo wa polisi. Usajili uko TRA. Kwa taarifa hizo anajulikana mwenye pikipiki ya namba MC fulani ni nani na simu yake ni ipi. Basi mwenye mali atumiwe ujumbe, apewe siku, asipolipa adaiwe yeye kwa jina lake. Kijana aulizwe yaliyo yake: leseni ya udereva, kofia, mwendo, idadi ya abiria. Tukifanya hivyo tu, sehemu kubwa ya visa vinavyomfanya akate vichochoroni itakuwa imeondoka, na hakuna senti ya Serikali itakayopotea.

Nasisitiza vijana wa bodaboda kwa sababu ndio wanaouawa. Abiria anakodi usiku, safari ya nje ya mji, njia ya mapori. Anakuwa na mwenzake anayengoja mbele. Asubuhi pikipiki haipo, na mara nyingine kijana anakutwa kichakani. Haya yametokea mikoa mingi ya nchi hii. Wenzake wanaokuwa wamemwona abiria yule akipanda ni mashahidi ambao upelelezi hauwezi kuwakosa, na ndio hao hao ambao juzi walikuwa wakikimbizana na askari kwa sababu ya stika ya tajiri. Nani atakwenda kukaa benchi la kituo akaandike maelezo, ilhali pikipiki yake mwenyewe iko nje na haina bima?

Polisi nao wana hoja yao na si ndogo. Mkoa wa Tabora una takriban kilomita za mraba 76,000 na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.3. Kutoka makao makuu ya wilaya hadi kijiji cha mwisho cha Kaliua au Sikonge ni safari ya pori na mabonde yanayojaa maji masika. Askari anayetumwa huko anaishi nyumba ambayo ofisa wa idara nyingine angeikataa. Tume ya haki jinai iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan Januari 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman haikuficha. Ilipokabidhi ripoti Julai mwaka huo ilipendekeza mageuzi makubwa ya Jeshi la Polisi, hata kwenye jina, litoke kuwa jeshi liwe chombo cha kutoa huduma. Ninakubaliana nayo, ingawa bango jipya juu ya mlango wa kituo kisicho na mafuta halitamsaidia mwenye duka wa Cheyo.

Kuna jambo la kikatiba hapa ambalo halizungumzwi inavyostahili. Ibara ya 146 inazipa serikali za mitaa jukumu la kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Lakini polisi ni jambo la Muungano, na Kamanda wa Polisi wa Mkoa anawajibika kwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, hawajibiki kwa baraza la madiwani la Manispaa ya Tabora. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa ana wajibu bila askari. Anachoweza ni kuitisha ulinzi shirikishi, na ulinzi shirikishi unaendeshwa kwa mchango wa kaya. Ibara ya 138 inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, lakini muulize mama ntilie wa Ng'ambo kama mchango wa ulinzi kwake ni hiari. Anagongewa mlango mwisho wa mwezi.

Na bado, ukipita mitaani utaona tofauti iliyo wazi. Upo mtaa ambao mchango unalipwa karibu na kaya zote, na upo wa jirani, watu ni wale wale na kipato ni kile kile, ambako vijana wa doria wameacha kwa kukosa posho. Katika ule wa kwanza utakuta daftari. Limeandikwa jina la kaya, mwezi, kiasi, na ukurasa wa nyuma matumizi: betri za tochi, filimbi mbili, posho ya vijana sita, soda siku walipompeleka mtuhumiwa kituoni. Mwenyekiti analisoma lote mbele ya watu, na mzee wa nyuma kabisa anauliza kwa nini betri zilinunuliwa mara tatu. Katika mtaa wa pili hakuna daftari, au lipo na halijawahi kufunguliwa hadharani. Utashi wa kulipa unafuata daftari hilo kuliko unavyofuata hotuba yoyote.

Sasa kila kata inatakiwa kuwa na mkaguzi wake wa polisi. Hatua nzuri, na ningependa ianze kutumika hivi. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu. Mkaguzi wa kata ahudhurie, na mijini ahudhurie ya mtaa, akiwa na karatasi moja. Asome matukio mangapi yameripotiwa kutoka hapa, mangapi yamefika mahakamani, yapi yamekwama na yamekwama wapi. Aseme gari la kituo lilipata lita ngapi mwezi ule, maana watu walioketi mbele yake ndio waliozilipia kwa shilingi 240 za kila lita. Asikusanye kitu: faini, mchango wala ada ya aina yoyote. Anayehusika na madeni ya vyombo vya moto awe mtu mwingine, kwenye ofisi nyingine, kwa njia ya ujumbe na namba ya malipo. Na mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda aalikwe kwenye mkutano huo kwa barua, apewe kiti cha mbele pamoja na wazee, na aulizwe kwanza kuhusu pikipiki zilizoibwa kabla hajaulizwa kuhusu bima.